Kushikiza Mfarishi: Gundi ya Kopo, Kanji ya Mhogo, na Bandi



Huku kwetu Titye, katika nchi ya juu ya Kasulu, miezi ya Juni na Julai ina baridi isiyo na mzaha. Asubuhi ukungu hukaa bondeni, na watoto waendao shule hutembea wamekunja mikono kifuani. Ndipo kila mama hufungua sanduku lake na kuhesabu mablanketi, na mara nyingi hesabu haitoshi. Blanketi jipya lataka fedha. Lakini vipande vya vitenge husalia kila siku chini ya cherehani ya fundi, na blanketi kuukuu lililotoboka halikosekani nyumbani. Mwenye busara huvikusanya hivyo na kufanya mfarishi.

Kwa wale wasioujua, mfarishi ni nguo ya kujifunika yenye matabaka matatu. La juu ni uso, yaani vile vipande vilivyoungwa vikawa kitambaa kimoja. La kati tutaliita moyo, nalo ni pamba iliyotandazwa au blanketi kuukuu. La chini ni mgongo, nao ni shuka au kitambaa kizima. Matabaka hayo hushonwa pamoja toka ukingo hata ukingo, ili moyo usikusanyike pembeni ukaacha katikati patupu.

Lakini kabla ya kushona, ni lazima matabaka yashikizwe yasiteleze. Wengi huona kazi hii kuwa ndogo, wakaipita mbio, kisha wakajuta. Maana meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini, na huku mguu wake unakizuia cha juu. Matabaka yasiposhikizwa, moja hutangulia na jingine huchelewa, na mwishowe nguo hufanya makunyanzi ambayo hata pasi haiyaondoi. Basi leo twataka kusema habari za njia tatu za kushikiza: gundi ya kupuliza itokayo katika kopo, kanji ya mhogo, na bandi ya sindano. Tena twataka kusema ni ipi ifaayo nyumba ipi, kwa kuwa tumejifunza jambo hilo kwa machungu.

Mwaka mmoja, katika Julai, jamaa yetu akaaye mjini alituletea kopo la gundi ya kushikizia nguo. Wakati ule akina mama saba walikuwa wakimshonea mfarishi binti mmoja aliyechaguliwa kwenda shule ya bweni. Uso ulikuwa tayari, kazi ya majuma mengi. Wakautandika uwanjani, lakini upepo ulivuma na kuupeperusha. Wakatuuliza la kufanya, nasi tukasema, "Ingieni jikoni, mna nafasi na hakuna upepo." Neno hilo lilikuwa letu, wala hatumsingizii mtu.

Jikoni palikuwa na chungu cha maharage mafigani, na moto mdogo chini yake. Mlango ukafungwa kwa sababu ya upepo. Maandishi ya kopo yalikuwa ya lugha ya kigeni, wala hatukuyasoma. Kulikuwa na picha ya mwali wa moto ubavuni mwake, nasi tulidhani ni alama ya kiwanda. Mama mmoja akapuliza upande wa kwanza, akapuliza wa pili. Harufu ikajaa chumba, mtoto mmoja mgongoni mwa mamaye akakohoa. Mara mwali mwembamba wa rangi ya samawati ukakimbia chini chini sakafuni, toka mafigani hata ukingo wa nguo. Mama mmoja mzee alishika gunia lenye maji akaupiga ule moto, na wengine wakawatoa watoto nje. Lakini binti mwenyewe alishika kitambaa akivuta, akilia, "Mwalimu, nguo yangu!" Mkono wake wa kuume ukaungua. Uso wa mfarishi ukateketea nusu. Binti alifika shuleni kwake majuma matatu baada ya wenzake, mkono umefungwa kitambaa.

Tangu siku ile tumeuliza na kusoma, tupate kujua ni nini kilichotokea. Na haya ndiyo tuliyoyaona.

Ndani ya kopo la namna hii mna vitu vitatu. Cha kwanza ni gundi yenyewe. Cha pili ni kiyeyusho kinachoifanya iwe nyepesi, nacho aghalabu ni cha jamii ya petroli. Cha tatu ni gesi iliyoshindiliwa, nayo ndiyo inayoisukuma gundi itoke kama ukungu. Mara nyingi gesi hiyo ni propani na butani, zile zile zilizomo katika mitungi ya kupikia. Unapobonyeza mdomo wa kopo, gundi huanguka juu ya kitambaa, lakini gesi na mvuke wa kiyeyusho hubaki chumbani. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini kama moshi. Hushuka, ukatambaa sakafuni kama maji, ukitafuta mahali pa chini. Na mafiga yetu yako wapi? Yako chini. Ndiyo sababu moto ulitoka mafigani ukakimbia sakafuni, ukaifuata nguo.

Huenda mtu akauliza: mbona watu walitengeneza chombo cha hatari hivi? Kina historia yake. Makopo ya kupuliza yalibuniwa katika miaka ya 1920 na fundi wa Norwei aliyeitwa Erik Rotheim. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wamarekani Lyle Goodhue na William Sullivan walitengeneza kopo la kupuliza dawa ya wadudu, ili askari wajikinge na mbu wa malaria. Kwa miaka mingi baadaye makopo mengi yalisukumwa na gesi za jamii ya klorofluorokaboni, ambazo hazishiki moto. Lakini mwaka 1974 wataalamu Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi hizo hupanda juu sana na kuharibu ozoni, lile tabaka la anga linalotukinga na ukali wa jua. Marekani ilizikataza katika makopo mengi mwaka 1978, na mwaka 1987 mataifa yalipatana huko Montreal kuziacha pole pole. Mahali pake pakashikwa na propani na butani. Hivyo anga ilipata nafuu, lakini kopo likawa kitu cha moto. Basi kopo si baya; lataka tu mtu alijuaye.

Sasa tuseme juu ya kulichagua, kwa ajili ya yule aliyeletewa au anayetaka kununua mjini. Kwanza, soma maandishi, au umpe mtoto wa shule ayasome. Tafuta maneno yasemayo kwamba gundi ni ya nguo, na kwamba ni ya muda. Gundi ya muda hushika kwa siku kadhaa, na ukikosea waweza kukibandua kitambaa na kukilaza tena. Gundi ya kudumu, ile ya mbao, ngozi au viatu, haifai kabisa: huganda kitambaani isitoke, tena hunata katika sindano hata uzi ukakatika kila hatua. Pili, angalia kama yasema inatoka kwa maji. Mfarishi ni nguo ya kufuliwa, na gundi isiyotoka hukaa karibu na ngozi ya mtoto usiku kucha. Tatu, angalia kama inafaa nguo yako. Gundi hizi hushika vizuri pamba, lakini kitambaa chenye utelezi huachia upesi. Nne, jaribu kwanza juu ya kipande kidogo: kipulize, kishone, kikaushe, kikifue, uone kama hakuna doa.

Na kulitumia ndivyo hivi. Fanyia kazi nje, siku isiyo na upepo mkali, asubuhi mapema kabla ya upepo kuamka. Kama upepo unavuma, ngoja siku nyingine. Usiingie ndani. Tungalijua neno hilo, mkono wa binti yule usingaliungua. Moto wowote uwe mbali: mafiga, jiko la mkaa, koroboi, pasi ya mkaa, na mtu avutaye tumbaku. Watoto wachanga na mama mwenye mimba wasikae karibu, maana mvuke huo huumiza kichwa na kifua. Tandika magazeti makuukuu au gunia chini, kwa kuwa gundi inayopita ukingo hufanya sakafu kunata.

Laza moyo wa mfarishi, kisha uweke uso juu yake sawasawa. Kunja nusu ya uso irudi nyuma. Tikisa kopo, ulishike mbali kiasi cha sentimeta 20 hadi 30, isipokuwa maandishi yake yasema vingine, upulize kidogo kidogo huku mkono ukitembea. Usilowanishe, ukungu mwembamba watosha. Rudisha uso pole pole, ukiulainisha kwa kiganja toka katikati kwenda nje. Fanya vivyo hivyo nusu ya pili, kisha ugeuze na kuubandika mgongo. Usipige pasi juu ya gundi kabla ya kusoma kama yaruhusiwa, maana gundi nyingine huganda kwa joto. Mfarishi ukiisha kushonwa, ufuliwe kabla mtu hajaulalia.

Kopo lihifadhiwe kivulini, mahali pa baridi, mbali na mikono ya watoto. Nalo likiisha, hatari haijaisha. Huku kwetu takataka huchomwa shimoni, na watoto hupenda kutengeneza magari kwa mikebe. Kopo la kupuliza lisitupwe motoni, wala lisitobolewe, wala lisigongwe kwa nyundo, hata kama laonekana tupu. Gesi iliyosalia yaweza kulipasua. Walimu, twawasihi mliseme jambo hili darasani kwenu.

Njia ya pili haina gharama, nayo imo shambani mwetu: kanji ya mhogo. Wanawake wengi wanaijua kwa kunyoshea kola za mashati. Menya mihogo, uioshe, uipare kwa kipareo, uikoroge katika maji mengi, uichuje kwa kitambaa chepesi. Acha yale maji yatulie saa tatu au nne. Unga mweupe utakaa chini. Mwaga maji, uanike unga juani. Angalia tu: maji ya mhogo mchungu yana sumu, kwa hiyo yamwagwe mbali, mbuzi na kuku wasiyanywe.

Ukitaka gundi, chukua vijiko vikubwa viwili vya kanji, uvikoroge katika maji ya baridi kidogo hata pasiwe na madonge. Kisha umimine maji yanayochemka, kikombe kimoja, huku unakoroga bila kuacha, hata uji uache weupe na kuwa kama kioo. Uchuje, uuache upoe. Kwa unyoya wa kuku tia matone madogo juu ya moyo, tone na tone liachane kiganja kimoja. Laza uso, ulainishe toka katikati, kisha upige pasi mpaka ukauke kabisa. Usishone ungali na maji, sindano itashika kutu.

Kanji ina kasoro zake, nasi hatuzifichi. Penye tone kitambaa huwa kigumu, kwa hiyo hufaa zaidi kwa cherehani kuliko kwa sindano ya mkono. Tena mende na panya huipenda, na wakati wa masika huota ukungu. Basi aliyetia kanji leo asiache kazi yake kona ya nyumba mwezi mzima. Ashone juma lile lile, kisha aroweke nguo katika maji ya vuguvugu na kuifua, kanji itoke yote.

Njia ya tatu ndiyo kongwe, nayo ni kupiga bandi. Haitaki ila sindano ndefu, uzi, na uvumilivu. Fua vitambaa kwanza, vipate kurudi kabla havijashonwa, tena uone kama kitenge hakitoi rangi: lowanisha pembe yake, uikandamize juu ya kitambaa cheupe. Fagia sakafu, utandike mkeka. Laza mgongo, upande mbaya ukitazama juu, uuwekee mawe pembeni usisogee, lakini usiuvute ukakaza. Mgongo uzidi uso kwa kiganja kimoja kila upande. Laza moyo, kisha uso. Anza katikati kabisa, piga bandi ndefu, kiasi cha sentimeta 5 kila hatua, uende hata ukingoni. Rudi katikati, uende upande wa pili. Kisha fanya kama msalaba. Kisha ujaze mistari mingine, mstari na mstari uachane kiganja kimoja. Anayeanzia ukingoni husukuma makunyanzi yote katikati, na huko hayana pa kutokea. Tumia uzi mweupe, maana uzi wa rangi waweza kuacha alama. Baada ya kushona, kata bandi na kuzivuta, uzi huo uhifadhiwe kwa kazi nyingine.

Wengine hutumia pini za kufunga mahali pa bandi, nazo ni nzuri kwa mtu mwenye haraka, moja kila kiganja. Ila zisiachwe ndani ya nguo wakati wa mvua, zitatia kutu, na doa la kutu halitoki kwa sabuni.

Pengine vijana watasema, "Bandi ni ya wazee, sasa kuna kopo." Twawajibu kwa habari moja. Katika jimbo la Georgia huko Marekani alikuwako mwanamke mmoja, Harriet Powers, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1837. Alishona mifarishi yenye picha za habari za Biblia. Mmoja ulionyeshwa watu mwaka 1886, nao umehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya Smithsonian. Wa pili, uliomalizika karibu na mwaka 1898, umewekwa katika makumbusho ya Boston. Mama huyo alifariki mwaka 1910, kabla kopo la kupuliza halijabuniwa. Kazi yake imepita miaka mia, na watu hutoka mbali kuitazama. Ni mshono uliyoihifadhi, wala si gundi. Maana gundi yoyote, ya dukani au ya shambani, ni mgeni wa siku chache: hushika ili mshono upite, kisha huondoka.

Basi tuchague namna gani? Mwenye chumba kimoja, mafiga ndani, na watoto wadogo, apige bandi. Mwenye cherehani na kazi ya kumaliza juma hili, atumie kanji. Mwenye kopo, na uwanja wenye utulivu, na macho ya kusoma maandishi, atumie kopo, wala asione haya. Litampunguzia kazi ya saa nyingi. Nanyi walimu wa maarifa ya nyumbani mwaweza kufanya jaribio: watoto washone vipande vitatu vya shibiri moja, kimoja cha bandi, kimoja cha kanji, kimoja cha gundi mliyoipuliza ninyi wenyewe uwanjani. Wavifue mara tatu, kisha wavipange mezani na kusema wenyewe ni kipi kilicholala sawa.

Neno moja la mwisho kuhusu kuungua, kwa kuwa siku ile hatukulijua vema. Mmoja wetu alikimbilia mafuta ya kula, mwingine dawa ya meno. Zote mbili si dawa. Mtu akiungua, vua pete na bangili upesi, umwagie maji safi ya baridi yasiyo barafu kwa muda wa dakika 20, ufunike kidonda kwa kitambaa safi bila kukaza, umpeleke zahanati. Malengelenge yasipasuliwe.

Na yule binti? Akina mama walikata sehemu iliyoungua, wakaunga vipande vipya, wakaushikiza mfarishi kwa bandi uwanjani, wakamaliza mwezi wa Agosti, tukampelekea shuleni. Aliporudi likizo aliuleta, umefuliwa mara nyingi, haujafanya kunyanzi hata moja. Kovu lingali mkononi mwake. Siku hizi, akina mama wakikusanyika kushona, huja kukaa nao, na kabla hajashika sindano hutazama mafiga kwanza, kisha mlango. Nasi hutazama pamoja naye.